Aliyepumzika Ameingia

Mwanamume aliyeleta kile kisanduku hakukubali kukiweka mezani kwangu. Alisimama nje ya kibanda changu pale Nyasho, Musoma, juani, amekikumbatia ndani ya kiroba kama mtu aliyebeba jogoo na hataki awike.

"Fundi, hiki kinaongea," alisema.

"Redio?"

"Ingekuwa redio ningeizima."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, mabega mapana, viganja vya mvuvi vyenye michirizi ya kamba. Nilimwambia aingie kivulini. Akaniuliza kwanza kama kweli nataka aingie, na swali lile lilinishangaza, kwa sababu mteja hanaga kawaida ya kuomba ruhusa ya kivuli.

Mimi shule niliiachia kidato cha pili. Tangu hapo nimekuwa utingo wa lori la pamba Bunda, nimeanika dagaa, nimepaka rangi nyumba za watu, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Kompyuta ndiyo iliyonishika muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu kila ukidhani umeielewa unakuta chini yake kuna chumba kingine. Nilijifunza kwenye duka la kuchapa barua, kwa kuharibu na kutengeneza. Watu wa Musoma wananiletea simu zilizozama ziwani. Kisanduku kinachoongea kilikuwa cha kwanza.

Kilikuwa cha bati, kimepakwa rangi ya njano, na kilitoka Buhemba, kwenye duara moja la dhahabu. Duara ndilo jina wachimbaji wanalolipa shimo lao. Kila mchimbaji ana kidude chake cha plastiki. Akitaka kushuka anakigusisha kwenye kisanduku, na spika inatangaza: fulani ameingia. Akipanda anakigusisha tena. Na kila baada ya muda kisanduku chenyewe kinawataja wote waliobaki shimoni, mmoja mmoja: fulani yuko chini, fulani yuko chini. Kilitengenezwa hivyo kwa sababu kabla yake, mvua ikija ghafla, hakuna aliyekuwa na hakika nani hajapanda.

Mwanamume huyu alikuwa mgeni pale duarani. Baba yake mdogo, aliyekuwa mmoja wa wenye shimo, alifariki kwa ugonjwa, kitandani kwake, na ukoo ukamwita yeye kutoka visiwani aje ashike nafasi. Yeye na marehemu walikuwa na jina moja. Wote wawili walipewa jina la babu wa ukoo, kama inavyofanyika kwao. Jina lenyewe sitaliandika hapa.

Siku ya kwanza aligusisha kidude chake, watu wote wakiwa wamesimama mdomoni mwa shimo. Kisanduku kikasema, kwa ile sauti yake ya bati isiyo na pumzi:

"Aliyepumzika ameingia."

"Walikufukuza?" nilimuuliza.

"Wangenifukuza ningeshukuru." Alifuta jasho. "Waliacha tu kuniita kula. Mtu akitaka kunipa nyundo anaiweka juu ya jiwe, anaondoka, ndipo naichukua. Hakuna anayekubali kushuka ngazi nyuma yangu. Msimamizi akaniambia, baba, mimi sina neno na wewe, lakini mashine imesema na watu wamesikia. Mpaka ikutaje kama mtu hai, hushuki."

"Na usiposhuka?"

"Visiwani nimeshaaga. Nyumbani nimetumwa nishike nafasi ya mtu. Nisiposhuka mimi ni nani?" Akasema polepole, "Juzi nilienda nyuma ya ghala nikajiita jina langu kwa sauti. Fundi, niliona kama namwita mtu mwingine. Nikageuka kuangalia kama anakuja."

Nikakichukua kisanduku.

Ndani kulikuwa na kompyuta ndogo kama kiberiti, na programu yake ilikuwa inajengwa upya kila jina jipya lilipoongezwa. Msimamizi alikuwa anaandika jina mwisho wa orodha, anabonyeza kitufe, na skripti inafanya mengine. Nilinakili kila kitu kwenye laptopu yangu nikaanza kusoma.

Skripti ya namna ile ni kitu cha ajabu kidogo. Kompyuta inaisoma kutoka juu kwenda chini, na ndani yake kuna majina ambayo mtu ameyapa maana. Hayo wanayaita makro. Popote inapokutana na jina lililopewa maana, inaling'oa na kuweka ile maana mahali pake, kisha inarudi kuisoma ile maana upya, isije ikawa nayo imeficha jina jingine. Haiulizi. Haijui kama jina limetajwa kwa kuitwa au limetajwa tu katika maongezi. Ukitaka jina libaki kuwa jina, unalifunika kwa mabano ya mraba, na skripti ikifika pale inalipita bila kuligusa, ila inayavua yale mabano inapopita.

Niliiendesha ilivyokuwa ili nione. Mchana mweupe, pikipiki zinapita, mama wa jirani anakaanga sato. Aliyeandika skripti alikuwa ameifundisha kusema inachofanya kwa Kiswahili, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo: Natafuta spika... ipo. Natafuta saa... ipo. Kisha ikaanza kukagua wachimbaji, jina baada ya jina, yupo, yupo, yupo. Mstari wa mwisho ulisomeka:

Natafuta aliyepumzika... yupo.

Mwanamume alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake shingoni na, nitasema ukweli, nilifurahi kuihisi.

Haikunichukua muda kuupata mstari wenyewe. Kwenye orodha ya msimamizi jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kosa. Lakini katika faili jingine, peke yake, mtu alikuwa ameandika kwa makusudi kabisa: ukikuta jina hili, weka aliyepumzika. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Akanishika kifundo cha mkono.

"Usifute. Aliyeandika hivyo alikuwa na sababu. Twende tumwone kwanza."

Aliyeandika alikuwa fundi wa umeme wa jua, anakaa Bunda, Kabasa, nyuma ya mashine ya kusaga. Tulimkuta amekaa juu ya ndoo, anachomelea waya. Alipomwona mwenzangu na kusikia jina lake, chuma cha moto kilibaki hewani.

"We! Na wewe unaitwaga hivyo hivyo?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona hawakuniambia kama watamleta mwingine mwenye jina lile lile? Hawa watu wa Buhemba hawa!" Akachomoa chuma kwenye umeme. "Kaeni. Sikieni. Marehemu alipofariki, mjane alinipigia simu. Akasema, mwanangu, kile kisanduku chako kisimtaje mume wangu kwamba yuko shimoni, maana hayuko. Nikamwambia sawa mama, namfuta. Akapiga kelele. Akasema jina la mtu halifutwi kabla ya kuondoa tanga. Sasa mimi nifanyeje? Nisimtaje na nisimfute! Kidude chake bado kilikuwa kimening'inia pale, watoto wakikigusa kinamtangaza. Ndipo nikaona njia. Jina libaki, lakini kila likitokea mashine iseme aliyepumzika, kwa heshima. Nilijipongeza sana."

"Umeniua," mwenzangu alisema.

"Hapana kaka, hapana. Nimemheshimu yeye. Wewe umepita tu njiani." Akajaribu kucheka, akaacha. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini kama vile mwenzangu hasikii. "Kufuta ni kazi ya kidole kimoja. Lakini mwombe mjane. Mimi sirudi kwake. Akikataa, mfunike huyu mabano. Ila uwe mwangalifu, kila mkono wa skripti unaompokea unamvua jozi moja ya mabano. Sikumbuki nilimpitisha mikono mingapi."

Mjane alikuwa nyumbani kwao Mwitongo, kule Butiama. Tulifika wakati watu wamerudi kutoka shambani, uani kuna mihogo imeanikwa juu ya mwamba. Njiani mwenzangu alinieleza kwamba tangu utotoni mama huyu alikuwa anamtania, anamwita mume wangu, kwa sababu ya lile jina. Akija likizo anamwambia, mume wangu umekuja mikono mitupu, hata sato hukuniletea? Na watu wote uani wanacheka.

Siku hiyo mama alitoka ndani amejifunga kanga nyeusi, akanisalimia mimi, akanipa kigoda. Kisha akamtazama yeye. Alimtazama sana, macho yakishuka mpaka miguuni na kurudi juu. Salamu haikutoka.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nilisikia."

Nilimweleza habari ya makro kwa lugha rahisi niliyoweza, kwamba mstari ule mmoja ukiondolewa, pamoja na kidude cha marehemu, mambo yanakwisha. Alinisikiliza vizuri, hata akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: je, ukiondolewa, jina litabaki mahali gani? Nikasema litabaki kwenye orodha, kama jina la huyu aliye hai.

"Kwa hiyo la mwenzake litakuwa halina mahali."

"Ndiyo, mama."

"Basi hapana. Tanga halijaondolewa. Ndugu zake bado hawajakaa wakamaliza. Ukimtoa sasa unamtoa mlangoni bila kuagwa, na atazunguka."

"Na mimi mama mdogo?" Mwanamume yule mkubwa alisema kama mtoto. "Mimi nizunguke?"

Kuku walikuwa wanachakura kando ya mwamba. Mama aliishika kanga kifuani.

"Nakuona," alisema. "Siyo kwamba sikuoni. Lakini leo nikikuita, ataitika nani?"

Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka kwenye minyaa ya mpakani, akasimama upande wangu, na alipompa mwenzangu mkono aliutoa haraka, akautazama, kama mtu aliyetegemea kuukuta baridi.

Kwa hiyo mstari ulibaki, na kazi yangu ikawa kumfunika aliye hai. Nilirudi Musoma nikaweka jina lake ndani ya mabano kwenye orodha, nikajenga upya. Mistari ikapanda. Wa mwisho ukasema: natafuta, kisha jina lake, herufi zote, yupo. Nikagusisha kidude chake. Spika ikamtangaza kwa jina, ameingia. Mwenzangu alipiga magoti palepale kibandani. Mama wa sato alitoka na mwiko kuja kuangalia kuna nini.

Tulikwenda Buhemba asubuhi iliyofuata. Sehemu ile ina milima ya mchanga mweupe uliokwisha kusagwa, haina kivuli, na karasha, mashine za kuponda mawe, zinapiga mwamba mpaka unahisi meno yanacheza. Msimamizi, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani, aliwakusanya watu. Kisanduku kikafungwa kwenye nguzo yake. Mwanamume akagusisha. Jina likatoka wazi, ameingia.

Mtu mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Haya, kumbe mzima wewe! Utatununulia soda." Wawili wakakubali kushuka pamoja naye. Alinitazama mara moja kabla kichwa chake hakijazama kwenye ngazi, na sijawahi kumwona mtu anayeingia ardhini akiwa na furaha kiasi kile.

Walikaa chini kitambo. Nilikuwa nimeshakubali kikombe cha uji. Kisha kisanduku kikaanza kuwataja waliobaki. Jina la kwanza, yuko chini. Jina la pili, yuko chini. Halafu:

"Aliyepumzika yuko chini."

Mwendesha karasha alizima mashine yake. Sijui kama alifanya hivyo kwa sababu ya sauti ile, lakini kimya kilichofuata kilikuwa cha shimo zima. Tukasikia ngazi zikitikisika, na wale wawili walitoka mbio, mmoja ameacha ndala moja huko chini. Mwenzangu alitoka wa mwisho, taratibu sana. Hakuna aliyempa mkono kumvuta. Vumbi jeupe lilikuwa limemfunika uso wote, na watu wakarudi nyuma.

"Ameitwa akiwa ndani kabisa," mtu alinong'ona. "Afadhali hata ya kwanza."

Msimamizi alinijia. "Fundi, umefanya nini?"

"Sijui," nikasema. "Nipe kivuli na umeme."

Wakanipa turubai na waya kutoka kwenye betri. Mwenzangu alikaa kwenye lundo la mawe mbali nasi, uso kwenye shimo. Niliwasha kile kipengele kinachoonyesha kila badiliko moja moja, jina linapoingia mkono gani, linatoka na umbo gani, na nikalifuatilia jina lake kama unavyofuatilia nyayo kwenye matope. Wakati wa kuingia lilipita mkono mmoja tu, ambao ulivua mabano na kulitamka. Ndiyo maana kibandani kwangu lilitoka salama. Wakati wa kutajwa kwa waliobaki lilipita mikono miwili. Wa kwanza ulivua mabano na kulikabidhi kwa wa pili likiwa uchi, na wa pili ukaona jina la marehemu.

Haraka yangu ikanifanya niongeze jozi ya pili ya mabano kwenye orodha. Nikagusisha kidude kujaribu.

"Bano mraba," kilisema kisanduku, kikataja jina, "bano mraba ameingia."

"Sasa ana cheo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka kile kicheko cha kuogopa kinachokatika ghafla. Hata mimi nilicheka. Mwenzangu hakugeuka.

Hapo nikayakumbuka maneno ya fundi wa Kabasa. Kosa halikuwa kwenye jina wala kwenye orodha. Lilikuwa kwenye ule mkono wa kwanza, unaopokea mtu aliyefunikwa na kumkabidhi bila nguo. Niliondoa mabano ya ziada kwenye orodha nikabakiza jozi moja. Kisha nikaenda pale mkono wa kwanza unapokabidhi, nikaandika mabano hapo, ili kila anayepita, awe nani, afunikwe tena kabla ya kutolewa. Nikafuatilia nyayo upya mpaka mwisho. Jina lilifika likiwa jina. Mstari wa marehemu haukuguswa. Nilipokigusisha kidude cha marehemu, ambacho jina lake orodhani halikuwa limefunikwa, kisanduku kilisema aliyepumzika kama mjane alivyotaka.

Nilieleza hayo yote mbele ya watu. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, hakuna aliyesogea kwenye ngazi.

"Mimi nashuka peke yangu," mwenzangu alisema. Alikuwa amesimama tayari. "Kikinitaja vibaya tena, msiniite. Nitapanda mwenyewe na nitaondoka."

Pale duarani kuna kamba iliyofungwa kengele juu. Kisanduku kinapomtaja mtu, spika nyingine ndogo inamtaja kule chini pia, naye anavuta kamba mara moja kuonyesha kwamba amesikia na yu mzima. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kufanywa, na wote tuliijua. Aligusisha kidude. Jina lake, ameingia. Akashuka.

Tulisubiri. Karasha hazikuwashwa. Jua lilikuwa utosini na kila mtu alikuwa amekanyaga kivuli chake. Msimamizi alivua kofia, akaivaa, akaivua. Kisanduku kilipokoroma kama kinavyofanya kabla ya kusema, mtu mmoja aliziba masikio.

Kilitaja jina lake. Yuko chini.

Jina kamili, safi, jina la babu na la baba mdogo na lake. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwenye kengele, na kengele haikutikisika. Kamba ilining'inia ikiwa imenyooka kabisa. Upepo ulisukuma turubai langu. Msimamizi aliinama mdomoni mwa shimo, akafungua mdomo kumwita, kisha akaufunga, na nikaelewa kwamba anaogopa kulitamka lile jina kuelekea kule chini.

Kamba ikavutwa. Mara moja. Kengele ikalia.

Alipopanda, watu walimzunguka, wanamshika mabega, wanamkung'uta vumbi, wanamtukana kwa mapenzi. Msimamizi alifoka. "Kwa nini umechelewa kuvuta? Unatuua kwa hofu! Hukusikia?"

"Nilisikia vizuri."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Alijifuta uso kwa kiganja, na chini ya vumbi jeupe ngozi yake ikaonekana.

"Nilingoja nione kama kuna mwingine wa jina hili ataivuta," alisema. "Hakuivuta, nikaivuta mimi."